Sindano za Bwawa la Chini

Jumanne, 5 Agosti 2025
Mjukuu wangu Yassin kaja na Jesse, mwenzake wa chuo. Wamewachoma sindano perege wangu, bwawa la juu na la chini. Chanjo, anasema. Samaki nimeshika mimi – wasomi wanawaponyoka. Hawa perege ndio shamba langu tangu magoti yakatae mpunga.

Anasema damu ya samaki ina askari kama yetu. Wetu wanazaliwa ndani ya mifupa, wa samaki kwenye figo. Anataka kujua kama wa samaki nao wanakumbuka ugonjwa. Kanitoa na mimi damu, alinganishe. Bibi mzima na perege! Nikampa mkono. Nimemlea mwenyewe.

Jumamosi, 23 Agosti
Bwawa la chini wanazunguka kama walevi, macho yamewatoka. La juu wazima. Mfereji ni mmoja. Redempta jirani kasema ni mkono wa mtu. Nikamwambia aende akapike.

Jumapili, 24 Agosti
Wamekufa wote. Nimewafukia, hata paka sikumpa.

Yassin hapokei simu. Nikampigia Jesse, yule hajui kuficha. La chini waliwachoma maji ya chumvi tu. Ndivyo utafiti ulivyo, bibi, lazima wengine wakose chanjo, ugonjwa ukija tofauti ionekane. Kwani Yassin hakukuambia?

Hakuniambia. Na mimi nilimshika mmoja mmoja, namwambia tulia, ni dawa.

Jumatano, 27 Agosti
Yassin kapiga leo. Eti, bibi, ningekuambia ungekataa. Ningekataa, ndiyo. Kumbe ulijua.

Nikamuuliza: wewe na dada yako Raya nilipowapeleka kliniki kwa chanjo ya surua, nilimnyima yupi nione atakufa?

Halafu, bila haya, anasema wa bwawa la juu wanatakiwa sindano ya pili wiki hii. Wasipopata, askari wao watasahau, waende kama wenzao. Na baadaye atachukua wachache awatoe figo akazipime. Nikakata simu.

Alhamisi, 28 Agosti
Yuko getini tangu asubuhi, na ndoo ya barafu. Dawa anayo yeye, dukani haipo. Safari hii ni ya kweli au chumvi tena? Nitajuaje?

Perege wa juu wanaruka, wanataka pumba.

Shikamoo, bibi.

Sijaitika. Tangu aanze kusema sijawahi kumnyima marahaba mtoto huyu.

Shikamoo, bibi.

Anaita tena. Ufunguo wa geti nimeukalia –