Mkono Ulioshika Majani

Mdogo wangu Mugisho,

Salamu zangu zikukute uko mzima, na zikikukuta na malaria zikuache umepona. Maman anaendeleaje na mgongo wake? Papa bado anabishana na redio? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sivyo, na ndiyo sababu ya barua hii. Haya sikutaka kuyaandika kwenye simu, maana uliniambia mwenyewe kwamba kwenye bariera za barabarani siku hizi wanafungua simu za watu na kusoma. Atakuletea kwa mkono mama mmoja wa kwetu anayerudi kumzika dada yake. Mpe chai, mpe na kiti kizuri, na usimchoshe kwa maswali ya Amerika.

Kwanza, zile kelele zangu za juzi. Nilikuita mwongo. Neno lenyewe silirudishi, maana mwongo ulikuwa, na njia ya mwongo ni fupi. Ila nilikata simu kabla sijasema lililo kubwa zaidi, na hilo nitalisema hapa. Nianze mbali kidogo, kwa sababu najua Papa atataka kusomewa, naye hapendi habari inayoanzia katikati.

Mnakumbuka nilivyopata kazi hii. Nilikuwa nahesabu majani ya muhogo pale kituo cha utafiti wa kilimo, sina hata mkataba, Profesa akaja kutembelea, akaniona nikibishana na wakubwa wangu juu ya ugonjwa wa mihogo, akacheka. Baadaye akaandika kwamba anatafuta msaidizi wa utafiti, na kwamba chuo chake kitanidhamini kwa viza ile ya kubadilishana wageni: unakuja, unafanya kazi, unajifunza, unarudi kwenu na ulichojifunza. Maman alipiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna posa.

Halafu Papa akaanza kunifundisha mahojiano. Wewe ulikuwa unacheka mlangoni. Papa amekaa kwenye kiti chake, miwani kwenye ncha ya pua, yeye ndiye mzungu wa viza. Akaniuliza kama nikimaliza kazi nitarudi nyumbani. Nikajibu kama mtu aliyelelewa: Mungu akipenda. Papa akapiga meza.

“Hapana. Muzungu akisikia Mungu akipenda, anaelewa kama hautarudia. Sema ndiyo, na ufunge kinywa.”

Kule ubalozini Kinshasa nikasema ndiyo, nikafunga kinywa, na viza nikapata.

Ambalo sikuwaambia vizuri ni kwamba viza hii imefungwa kwenye kazi moja tu, kama mbuzi kwenye kigingi. Siruhusiwi hata kuosha vyombo kwenye mgahawa. Kila msimu chuo kinaandika karatasi mpya kusema bado wananihitaji. Wasipoiandika, nafunga mizigo. Na nikishafunga mizigo, kanuni inasema nikae kwetu miaka miwili kabla sijafikiria kurudi huku.

Maisha yenyewe si ya kuwasimulia majirani. Baridi ya huku haikai nje ikakungoja, inakufuata mpaka kitandani. Watu ni wapole, wanakuuliza hujambo, kisha wanaondoka kabla hujajibu. Chakula cha mchana nilikuwa nakila ndani ya ile nyumba ya vioo wanamooteshea mimea, peke yangu katikati ya mihogo, kwa sababu ndimo mlimo na joto la kwetu. Kijana mmoja wa Nepal tunayefanya naye kazi alinikuta siku moja naongea Kishi chetu na mti wa muhogo. Akanifungia mlango taratibu.

Lakini nilivumilia, kwa kuwa kazi ilikuwa inakwenda. Na ilikwenda kwa sababu yako. Ile miti ya muhogo tuliyoipanda Luberizi, chini uwandani, kando ya mpunga wa mjomba Bisimwa, ndiyo shina la utafiti wote. Wewe kila wiki unashuka na pikipiki, unapiga picha za majani, unanitumia. Mimi nahesabu madoa, natoa alama. Nilijua vita vimefika uwandani. Nilijua mjomba amekimbilia Burundi na wanawe. Kila nilipokuuliza njia ikoje, ulijibu kwamba unapita tu. Nami nilikuwa nakuamini na kukuogopea kwa wakati mmoja, kila picha ikichelewa nalala macho.

Na majani yalikuwa mazuri, Mugisho. Hasa ya ule muhogo wa shina jekundu. Hayana doa. Profesa alianza kuandika kwamba huo ndio muhogo wa kuwapa watu wa uwanda wa Ruzizi.

Basi siku ile nilikuwa nimeikuza picha mpaka jani limejaa kioo, natafuta doa. Nikaona kucha. Chini ya kucha kuna udongo, na udongo ni mwekundu. Nikajiuliza wekundu huo umetoka wapi. Udongo wa Luberizi ni wa rangi ya majivu, tumeuosha miguuni likizo zote za utoto wetu. Nikapunguza picha. Nikaona kidole cha shahada kilichopinda pembeni, kile kilichobanwa na mlango wa jikoni tukiwa watoto, na mwenye kidole akakataa kwenda hospitali kwa sababu chungu chake cha sombe kilikuwa motoni.

Nikarudi kwenye picha zote za nyuma. Mkono wa Maman umo katika kila moja. Miezi yote hiyo nilikuwa nahesabu madoa ya majani, sikuutazama mkono unaoyashika.

Ndipo nikakupigia na kupayuka. Wewe ukaniacha nimalize, halafu ukaniambia lile ambalo bado linanilia masikioni.

“Yaya Nabintu, batu beko nakufa mu ile njia. Baraka alienda, hakurudia. Mimi niko naogopa. Kama nilikuambia, ungesema niache, na kazi yako ingekwisha. Njo maana Maman akasema twende ku shamba yake ya Mumosho, muhogo ni muhogo.”

Baraka. Aliyekufundisha kuendesha pikipiki pale mtaani Nyawera, aliyekuwa anampa Papa lifti bure kwenda misa. Mlimzika nani, kama hakurudi? Sikuuliza. Halafu Maman akakunyang'anya simu. Hakuomba radhi, hakueleza. Aliniuliza tu:

“Nabintu, majani nilishika muzuri?”

Hapo ndipo nilipokata. Si kwa hasira. Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji ya sampuli, nikalia kwa furaha. Siku zote nilizokuwa nakuona kichwani mwangu kwenye miteremko ya Ngomo, njia ya kushukia Luberizi, umelala kifudifudi kando ya barabara, wewe ulikuwa Mumosho shambani kwa Maman, mnakula mahindi ya kuchoma. Uongo wenu ndio habari njema pekee niliyopata mwaka huu. Hilo ndilo nililotaka kusema kwenye simu.

Yule wa Nepal nilimsimulia. Akaniambia ninyamaze; nani huku atajua udongo wa wapi ni wa rangi gani? Nilijaribu siku chache, nikashindwa. Kwa sababu Maman kakosea, Mugisho. Muhogo si muhogo. Mumosho ni juu, kuna ubaridi, wale inzi weupe wadogo wanaobeba ugonjwa hawapapendi. Muhogo wowote pale utapendeza. Ule ule ukiupeleka uwandani kwenye joto, unaweza kukuonyesha majani mazuri vile vile, na siku ya kung'oa ukakuta mizizi imeoza ndani. Andiko la Profesa lingetoka na picha zetu. Watu watakaorudi Luberizi kutoka ukimbizini, ghala tupu, wangepewa ule wa shina jekundu, wangepanda, wangengoja mwaka mzima. Na wa kwanza kuupanda angekuwa mjomba Bisimwa, kwa kuwa umetoka kwa binti wa dada yake.

Nikaenda kwa Profesa, nikamwambia yote. Alivua miwani. Aliuliza swali moja tu, kama mdogo wangu yuko salama. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri. Kisha akafuta picha zote mbele yangu, na mkono wa Maman ukaondoka nazo.

Bila shamba la Luberizi hakuna utafiti, na bila utafiti hakuna karatasi mpya. Msimu huu ukiisha, na mimi nimekwisha. Profesa aliniombea nafasi kwa wenzake, wote wakasikitika kwa adabu. Ningependa angenigombeza, ningepata mtu wa kumkasirikia.

Wakongo wa kanisani wananishauri nijifiche kwenye mji mkubwa, wengine wamefanya hivyo. Nimewaona hao wengine. Mmoja alimzika mama yake kupitia simu, kwenye choo cha kiwanda, mtandao ukakatika kabla ya udongo. Naogopa kurudi. Naogopa mji wetu ulivyo sasa, naogopa milio ya risasi ninayoisikia mkinipigia, nanyi mnaniambia ni mtandao unaokwaruza. Lakini nimejua sitaweza kuishi huku nikiangalia picha, sasa kwa kuwa najua miezi yote hiyo sikuuona mkono wa Maman.

Kwa hiyo nitashuka Kigali na kuchukua basi mpaka mpakani. Usije kunipokea na pikipiki. Nitavuka daraja la mto Ruzizi kwa miguu kama wengine. Na Luberizi usikanyage, hata nani akuombe, hata mjomba, hata mimi.

Maman msomee barua hii mpaka pale pa simu tu, uruke habari ya Profesa. Mwambie alishika vizuri, hakuna aliyewahi kunishikia vizuri kama yeye. Msalimie mjomba Bisimwa akipiga kutoka Burundi, umwambie ule wa shina jekundu asiuamini bado. Msalimie mama yake Baraka. Usimwambie kitu kutoka kwangu, kaa naye tu, umchotee maji.

Na Papa, ambaye kwenye simu aliniambia nisirudi nyumbani, umwambie neno moja. Ile ndiyo aliyonifundisha, niliyomjibu mzungu kule Kinshasa, tulijua wote wawili kwamba ni uongo. Aache kuhangaika nayo. Imekuwa kweli.

Ni mimi dada yako, ninayekuja,

Nabintu