Alichomeza Zubeir

Kurui, Jumamosi asubuhi

Mwanangu Firdausi,
Asalaam aleikum. Habari za Kibaha na kazi? Sisi wazima, ila mwanao Zubeir kameza shilingi. Nimempa ndizi iisukume. Anatokwa na mate mengi tu. Usihangaike.
Mama yako

Kibaha, Jumamosi

Shikamoo mama,
Poleni. Nimeandika kwenye simu "mtoto amemeza sarafu". Wengi wanasema huwa inatoka yenyewe. Ila ukurasa wa hospitali moja ya watoto unauliza: una uhakika ni sarafu? Mama, una uhakika? Hayo mate yananitia hofu. Tazama alikuwa anachezea nini.
Mwanao

Kurui

Marahaba. Uhakika sina, nilidhani tu. Nimekuta rimoti ya redio imefunguka mgongoni, kile kibetri cha duara hakimo. Bi Tereza, jirani, anasema nimpe maji ya chumvi atapike. Nayakoroga.
Mama

Kibaha

Mama, yamwage. Mwanzo niliuliza kitu kisicho sahihi. Sasa nimeandika "betri ya duara kooni kwa mtoto", nikawaruka wauza dawa, nikafungua kurasa za hospitali tu, tatu. Zote zinasema inaunguza koo ndani ya saa chache. Usimtapishe, usimlishe tena. Mwite Mfaume na bodaboda yake, mkimbilie hospitali Kisarawe. Beba rimoti. Sema betri, usiseme shilingi. Nami natoka.
Firdausi

Kibaha, njiani

Mama, mmefika? Simu yako haipatikani. Nijibu hata neno moja.

Kisarawe, Jumamosi mchana

Firdausi,
Njiani mtandao haukuwepo. Daktari alitaka tusubiri foleni, nikamwekea rimoti mezani, nikamwambia ni betri. Akainuka hapo hapo. Picha imeonyesha imekwama kooni. Tumo kwenye gari la wagonjwa, tunapelekwa Dar wakaitoe. Usije huku, tukutane hukohuko. Kanishika kidole, haachii.
Mama

Dar es Salaam, wodini, Jumatano

Mwanangu,
Natumai umefika salama Kibaha na kazini hawakukugombeza. Ulipoondoka tu, daktari alipita. Pale walipoitoa betri kidonda kipo, lakini koo halijatoboka. Tutabaki siku kadhaa, anakula kwa mpira wa puani bado.
Tangu Jumamosi alikuwa hajasema kitu, wewe mwenyewe umeona. Leo nilipokuwa namfuta uso kaniita, "Bibi." Sauti inakwaruza, ila ni yake. Nikatoka nje ya wodi nikalia, kisha nikarudi.
Mama yako, Biubwa