Niliwaambia Imetengenezwa

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa kidogo na dada anaendelea vizuri na masomo. Mimi mzima, nakula, nalala, na kabla hujauliza, sijakonda. Ningepiga simu, lakini ulisema simu inakukatia maneno katikati, basi nimekaa chini na kalamu.

Habari yenyewe ni kwamba nimepandishwa cheo. Tangu Jumatatu mimi ndiye msimamizi wa chumba cha pasi. Watu ishirini na sita, mashine tisa za mvuke, na joto ambalo kufika saa nne asubuhi shati limeshagandana na mgongo. Meneja aliniita ofisini akasema, "Wale wanakuamini wewe. Ndiyo maana nimekuchagua." Nilitoka pale natembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Watatu kati yao ni viziwi. Wamewekwa mashine za nyuma kabisa, na kwenye mkutano wa asubuhi msimamizi aliyenitangulia alikuwa akiongea huku amewapa mgongo. Habari za kazi walizipata mwisho, kwa kutazama wenzao wanafanya nini. Sasa mkutano tunasimama kwa duara, kila mtu amwone mwenzake. Mmoja wao, mwanamke wa makamo anayecheka kwa mabega, ananifundisha lugha ya alama. Jina lake kwa alama ni kidole kinachopita juu ya nyusi, kwa hiyo sote tunamwita Nyusi, naye ameridhika. Juzi nilitaka kumwambia asante, kumbe nimemwambia akaoge. Alicheka hadi akazima mashine.

Niombee. Nataka niwe mkubwa wa kazi wa namna ambayo wewe hukumpata.

Mwanao.

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti kila asubuhi linanikumbusha kwamba lipo, mengine yote salama. Dada yako anasema kwa kuwa sasa wewe ni bosi, umtumie picha umevaa tai. Nimemwambia kwenye mvuke huko tai itapikika.

Nimefurahi, nisikufiche. Barua yako nimeisoma mara tatu. Lakini mimi nimepiga deki ofisi za watu miaka thelathini na moja, na wakubwa niliopita mikononi mwao ni kumi na wanne. Nawakumbuka kwa viatu vyao, maana ndivyo vilivyokuwa mbele ya macho yangu. Wakali hawakunisumbua sana. Mkali unajua ukae naye vipi. Aliyenitesa ni mmoja mpole, aliyekuwa akinishika bega na kusema, "Mama, hilo niachie, nalishughulikia." Ngazi ya nyuma ilikuwa imemeguka. Nalishughulikia, nalishughulikia, mpaka siku nikateleza na ndoo yangu nikavunjika mkono. Hata hospitali hakuja kunitazama.

Kwa hiyo upole wako naujua, sina wasiwasi nao. Nakuomba kingine. Ukiwaambia watu jambo, liwe hivyo ulivyolisema.

Mama yako.

2 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Poleni na mvua, nasikia huko hazikatiki. Hapa afya ipo, lakini kuna jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia.

Tuna oda kubwa ya sare. Mashine hazipumziki. Siku mbili zilizopita Nyusi alinivuta mkono hadi mashine namba nne, akanionyesha: bamba la juu, lile la moto linalobana nguo, linashuka lenyewe, bila mtu kukanyaga pedali. Si kila mara. Labda mara moja kwa siku. Wenye kusikia hupata mlio mdogo kabla halijashuka, wakaondoa mikono. Yeye mlio huo haupati.

Nilikwenda kwa meneja saa ileile. Akasema fundi ataitwa oda ikiisha, kwa sasa mashine haizimwi. "Na usiwatie watu hofu. Kuwatuliza ndiyo kazi niliyokupa."

Nikarudi. Wote wameacha kazi wananitazama. Ningeweza kusema nimekataliwa, mama. Lilikuwa neno moja tu. Lakini niliona zile nyuso, nikaona aibu ya kurudi mikono mitupu, nikasema wasubiri. Jana asubuhi wakaniuliza tena kwenye duara. Nikawaambia fundi alikuja jioni walipoondoka, imetengenezwa. Nilisema kwa mdomo, kisha nikasema kwa mikono, ili na wale watatu waelewe. Nyusi alinitazama muda mrefu. Halafu akaenda akaweka shati kwenye namba nne.

Oda inaisha tarehe 20. Kila nikipita pale napita nimebana pumzi.

Mwanao.

14 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika mchana huu na naijibu kabla sijavua kanga. Salamu tutapeana siku nyingine.

Ukimaliza kusoma, nenda kazini kabla mashine hazijawashwa. Wasimamishe wote uwaambie, "Nilidanganya, fundi hakuja, namba nne asiiguse mtu." Wakikuzomea, zomewa. Meneja akikufukuza, rudi, kitanda chako kipo palepale. Usingoje tarehe 20. Usitafute maneno mazuri.

Dada yako amesimama mlangoni na mwavuli, anaipeleka posta sasa hivi. Simu yako tumejaribu mara mbili, inaita tu.

Mama yako.

23 Mei

Mama,

Barua yako niliipata tarehe 19. Bamba lilishuka tarehe 16.

Nilikuwa hatua kama sita kutoka kwake. Nilisikia ule mlio mdogo. Nikapiga kelele. Fikiria, mama, nilimpigia kelele Nyusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani, ananyoosha kola. Wanaume wawili walilinyanyua lile bamba kwa chuma cha kufungulia magurudumu. Harufu ya chumba kile siwezi kuiandika.

Hospitali wamemkata vidole vitatu.

Simu yenu niliiona ikiita. Nilijua ni nyinyi na nilijua mngeniambia nini, ndiyo maana sikupokea.

Meneja ameandaa karatasi. Inasema mfanyakazi alionywa kwa sauti, na kwamba kwa hali yake hakupaswa kukaa mashine ile. Pamebaki sahihi yangu tu. Anasema nikisaini, yataisha kimya kimya, na wale viziwi wengine wawili "watatafutiwa kazi nyepesi," maana yake getini, nje.

Chumba cha pasi hakuna anayeniambia neno. Duara limevunjika lenyewe, kila mtu anasimama kwenye mashine yake. Wale viziwi wawili nikiinua mkono kuwasalimu wanageuza uso. Mwenye kusikia akikununia, bado unajua sauti yako imemfika. Hawa wakigeuka, sipo kabisa.

Chakula hakipiti. Karatasi iko mezani hapa. Niambie nifanye nini.

Mwanao.

4 Juni

Mwanangu,

Sikuambii usaini, wala sikuambii usisaini. Umeshakwenda kumwona? Barua yako ndefu, umeniandikia harufu, umeniandikia karatasi, umeniandikia chakula chako. Hukuniandikia anaendeleaje.

Nenda. Ukisharudi ndipo uniandikie.

Mama yako.

29 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Nilikwenda.

Alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia umefungwa mpaka umekuwa kama mpira. Wodi nzima wanapiga soga. Aliponiona akaanza kusema nami kwa mkono wa kushoto peke yake, na mimi nikawa naokota neno moja, naacha matatu, kama kumsikiliza mtu aliyezibwa nusu ya mdomo. Hapo ndipo nilipoelewa tulichomfanya. Watu wanasema amepoteza vidole. Amekatwa ulimi, mama.

Akaomba kalamu. Akaandika kwa kushoto, herufi kubwa zilizolala: ULIJUA?

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaandika tena: MASHINE NILIIJUA. NIKAKUAMINI WEWE. Kisha akafumba macho. Kiziwi akifumba macho huna pa kubisha hodi. Nilisimama pale mpaka muuguzi akaniambia muda umekwisha.

Kesho yake nilimpelekea meneja karatasi niliyoandika mwenyewe, yenye tarehe zote: siku niliyomwarifu, alichonijibu, na uongo wangu. Aliisoma amesimama. "Unajua unajichongea," akasema. Nikamwambia najua. "Unawachongea na wao. Pakifungwa hapa, watakwenda wapi?" Nikaiacha karatasi mikononi mwake.

Nikaenda chumba cha pasi, nikawaomba wasimame kwa duara mara moja ya mwisho. Nikasema fundi hakuja, nilidanganya. Alama nilizichanganya hadi wale wawili wakaashiria nirudie, hawakuelewa. Nikarudia, polepole, neno kwa neno.

Kisha bibi wa mashine namba moja, mkongwe wetu, akazima mashine yake. Wa pili akazima. Zikazimwa zote. Kilikuwa kimya ambacho sijawahi kukisikia mle ndani. Nilidhani wananiunga mkono, machozi yakanilengalenga, na yule bibi akaniona. "Usijipe sifa," akaniambia. "Tumezima kwa ajili yake."

Nimesimamishwa kazi mpaka kikao. Nipo chumbani tu.

Mwanao.

12 Julai

Mwanangu,

Nimeipata barua, na nimeilia. Umefanya lililobaki kufanywa. Uliniandikia mwishoni kwamba upo chumbani tu. Neno hilo silipendi. Toka, hata ukanunue chumvi usiyoihitaji. Niambie kikao ni lini.

Mama yako.

2 Agosti

Mwanangu,

Wiki tatu kimya. Simu imezimwa. Dada yako ananiambia barua huchelewa, na mimi namjibu ndiyo, huchelewa. Tunadanganyana hivyohivyo mpaka usingizi unatuchukua.

Niandikie mstari mmoja. Andika "nipo," inatosha.

Mama yako.

15 Agosti

Mama,

Nipo.

Kikao kilikaa tarehe 6. Mkaguzi wa usalama kazini alikuja, akaketi meza ya mbele. Ile karatasi ya meneja imefutwa. Mashine namba nne imetolewa kwa lori, na nyingine zinafungwa taa nyekundu inayowaka kabla bamba halijashuka. Meneja amepewa onyo, yupo bado. Mimi nimefukuzwa, kwa kosa la kuwapa wafanyakazi taarifa ya uongo kuhusu usalama wao. Nimetafuta pa kulikatia rufaa sijapaona. Ni kweli tupu.

Wenzangu walikataa kuletewa msimamizi. Wamemchagua bibi wa namba moja wenyewe. Sharti lake moja: yeyote akiitilia mashine shaka anaizima hapohapo, haombi ruhusa ya mtu. Na wale viziwi wawili wamehamishiwa mbele. Aliniambia haya mlangoni, kwa heshima, kama anavyomwambia mgeni.

Lakini sikunyamaza kwa sababu ya kufukuzwa.

Nyusi alitoa ushahidi. Palikuwa na mkalimani. Aliulizwa ananionaje mimi. Akafikiri, akaanza kusema kwa kushoto na kile kilichobaki cha kulia, na mkalimani akatutolea sauti: "Huyu ni mkubwa wa kwanza aliyejifunza lugha yangu. Na alipotaka kunidanganya, aliitumia hiyohiyo."

Mkalimani mwenyewe alishusha macho.

Nimekaa na maneno hayo siku tisa. Nilidhani nilijifunza ile lugha kwa wema. Sasa sijui. Huenda nilitaka kupendwa tu, na mtu anayetaka kupendwa ndiye aliyeshindwa kusema nimekataliwa. Sitoki. Mikono yangu naiona mezani, sijui niifanyie nini. Nimechoka, mama, uchovu ambao kulala hakuuondoi. Dada usimwambie.

Mwanao.

24 Agosti

Mwanangu,

Usiijibu barua hii, utakuwa unauandikia mlango uliofungwa. Nakuja. Nimekata tiketi ya Jumamosi, nitafika Jumapili adhuhuri. Goti limenizuia safari miaka minne, safari hii litabebwa. Dada yako nimemwambia. Samahani, lakini katika nyumba hii habari ya kufichana tumeiacha.

Siji kukuambia huna kosa. Unalo, na utakaa nalo. Nakuja kwa sababu wewe ni wangu pamoja na kosa lako, na mtu mwenye mzigo wa namna hiyo hakai chumbani peke yake siku tisa. Jirani wa chumba cha pili, yule fundi cherehani uliyewahi kunitajia, dada yako ameipata namba yake. Atakugongea kila asubuhi mpaka nifike. Mfungulie. Kula atakacholeta hata kama hakina chumvi.

Nataka kumwona Nyusi. Mwombe kwanza, kwa maandishi, umwambie ni mama yako na kwamba ana haki ya kukataa. Akikataa tutakunywa chai yetu basi. Akikubali, wewe utanisindikiza mpaka mlangoni. Siendi kukuombea msamaha, huo si wangu wa kuomba. Nakwenda kumpa pole, mtu aliyeumizwa kazini kwa mwenzake aliyeumizwa kazini. Mimi hakuna aliyekuja.

Sina lugha yake. Kwa hiyo ukinipokea stendi, usikimbilie mizigo. Simama nami palepale, watu wapite, unionyeshe pole inasemwaje kwa mikono. Unionyeshe mara nyingi. Mimi mzito wa kujifunza, na neno hilo nataka kulisema sawasawa.

Mama yako.