Paa Uliloliendea Kila Mvua

Baba, shikamoo.

Hutaitikia, najua, lakini siwezi kukuandikia bila shikamoo. Ungenirudisha mlangoni niingie upya.

Arobaini yako imepita. Kuna jambo, na Mama amesema nikueleze lote. Mama alijua una mke mwingine. Miaka yote ile, mvua ikianza tu, wewe unavaa koti, unasema, "Naenda kusalimia," unapotea hadi inakatika. Yeye anabaki anagonga masufuria jikoni: "Mwanamke gani huyo wa kutembelewa kukinyesha tu?" Kwenye matanga alikaa akitazama njia, akimsubiri mke mwenzake aje kulia. Hakuja mtu.

Wiki ya pili ikanyesha sana. Asubuhi nesi wa zahanati akaja, miguu yote matope, akauliza kwa adabu kama yule mzee wa kutoa maji kwenye paa ameacha mtu. Mama aliketi chini. Alicheka, Baba, halafu akalia kuliko siku tuliyokuzika.

Kumbe ilikuwa ile nyumba. Kabla haijawa zahanati ya kijiji cha ujamaa ilikuwa ya yule mhandisi wa barabara, na zege la paa lake ulimimina wewe: mabawa mawili yamenyanyuka kwa nje, yanakutana chini katikati, baraza halina hata nguzo moja, ukuta mzima wa kioo. Watu wa Mbalibali wakienda Mugumu walipinda njia makusudi waione, wanasema iko siku itaruka. Uliniweka mabegani nikagusa ncha ya bawa. Toka siku ile sikutaka kitu kingine duniani, nilichora mapaa mpaka kwenye majivu ya jikoni. Tulipohamishiwa kijijini, nyumba zote mstari mmoja, zote sura moja, nilikuuliza kwa nini yetu hairuki. Ukasema, "Soma kwanza." Nimesoma. Barua ya chuo cha ufundi imefika, nasafiri Jumatatu, na wewe niliyetaka uisome wa kwanza hupo.

Sasa kamati ya kijiji ikaamua mabawa yavunjwe, waezeke bati la kawaida, maana maji yalimdondokea mama aliyetoka kujifungua. Siwalaumu. Niliomba siku chache. Nikapanda na pimamaji yako, nikailaza kwenye mfereji wa katikati. Kipovu kikatulia katikati kabisa. Ndiyo sifa yako hiyo, "Kazi yangu kipovu hakitikisiki." Lakini mfereji si sakafu, Baba, unataka mteremko. Maji yalikuwa yanasimama tu, hayana pa kwenda. Ulijua. Ukawa unakwenda kuyasukuma kwa mikono yako, miaka yote, ukaona aibu kutuambia.

Niliogopa. Nikilirekebisha, kijiji kizima kitajua fundi alikosea. Nilishuka nikamwambia Mama. Akafikiri kidogo. "Bora waseme alikosea," akasema, "kuliko waseme hakuwahi kujenga."

Yeye akashika ngazi. Nikamwaga saruji, unene wa vidole vitatu upande wa juu, nikaiteremsha taratibu hadi kwenye mdomo wa mfereji, kwa mwiko wako. Wiki iliyofuata ikanyesha. Nesi anasema halikudondoka hata tone, na kamati wameacha habari ya bati.

Lakini siku hiyo nyumbani, Baba. Mvua ilianza saa kumi. Koti lako liko msumarini. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyesema anakwenda kusalimia. Mama aliangalia mlango, na mimi niliuangalia. Ningekubali paa lote livuje, nikuone ukitoka tena.

Nakuahidi nitajenga mapaa yanayotaka kuruka, na kila mfereji nitaupa mteremko wake, ili baba wa mtu akae na wanawe kukinyesha.

Kwaheri, Baba. Mvua ikianza, usiamke.