Doa la Forosadi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba masomo ya uuguzi hayajakukondesha. Sisi hatujambo kiasi, na hilo neno "kiasi" nitalieleza.

Mforosadi wa nyuma ya nyumba umezaa mno. Wateja wanaomletea Mama nguo za kushona walimwambia matunda yale meusi husafisha damu, basi akawa anayala kutwa hadi vidole vikawa vya zambarau. Baba mdogo alimtania kwamba amepiga kura mara kumi.

Wiki iliyopita vidole hivyo viligusa gauni jeupe la bibi harusi. Mama alisugua kwa sabuni, doa likawa bluu. Aliketi sakafuni kando ya cherehani akasema leo ameumbuka, mwenye gauni yuko njiani. Nikakumbuka kwamba darasani tuliijaribu rangi ile: sabuni huifanya bluu, ndimu huifanya nyekundu. Nikakamua ndimu. Doa lilipogeuka jekundu, Mama alipiga kelele kwamba sasa namzika kabisa. Nikalivuta gauni juu ya beseni, nikamimina maji ya moto polepole, likatakata.

Mama alinitazama kama mtu mzima mwenzake. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, kwa kuwa naijua sana rangi hii, je, inatibu presha?

Dada, nilitamani kusema ndiyo. Nilimwambia alivyotufundisha mwalimu: rangi hiyo huenda ikasaidia kuulinda mwili, na wataalamu bado wanaichunguza, lakini forosadi ni chakula, haishiki nafasi ya dawa. Mama akatoa chini ya vitambaa pakiti za vidonge, hata kimoja hakijaguswa tangu matunda yaanze kuiva.

Ndiyo, Mama ana presha. Alinikataza kukuambia, akihofia utaacha chuo urudi kumuuguza. Nimevunja agizo lake kwa sababu naona wewe pia una haki ya kujibiwa ukweli.

Kesho yake tulikwenda zahanati. Daktari alimgombeza sana, ila forosadi hakumkataza. Sasa anameza dawa mbele yangu, akininunia, na leo alipopimwa presha ilikuwa imeshuka. Kwa hiyo usirudi. Soma, Dada, na uniandikie nimwangalie vipi.

Baba mdogo anakusalimu. Mama naye anakusalimu sana. Hajui salamu zake zimepanda barua ya namna gani.

Mdogo wako akupendaye,
Kifungo