Mashine Zilienda na Nekesa

Jumanne, Julai 1996

Baridi ya leo si mchezo. Manyunyu tangu alfajiri, na vijia vyote vya mtaani kwetu Gatwekera ni matope matupu.

Nimemkumbuka Nekesa mpaka kifua kinauma.

Miaka mitatu tulikaa benchi moja tukishona kola, kwenye kiwanda cha mashati cha wale wageni kule Industrial Area. Yeye ndiye aliyenifunza. Mwaka jana wageni wakafunga, wakapakia mashine kwenye makontena kuzipeleka nchi nyingine, wakataka mafundi wawili wakafundishe wasichana wa huko. Walitaja Nekesa na mimi.

Nilikataa. Nilisema mama ni mgonjwa.

Mama alikuwa ameshapona. Niliogopa tu: ndege, lugha, kila kitu. Nekesa hakuuliza. Alinikumbatia, akaenda. Barua imekuja moja tu.

Leo nilienda kujaribu bahati kwa kampuni mpya, ya wageni pia. Redioni wanatangaza kila siku kwamba wawekezaji wanakuja. Hawasemi wanavyoondoka. Tulipiga foleni langoni tukiloa, wanawake wengi, hakuna aliyetaka kurudi nyumbani.

Msimamizi, mama mmoja mwenye sura kali, alinipa kitambaa nishone kola. Nilishona, nikampa. Aliigeuza kola, akavuta ncha zake.

"Hii kona nani amekufunza?"

"Rafiki yangu."

"Ako wapi? Mwambie akuje kesho, namtaka pia."



"Alienda na mashine, madam. Kiwanda kilipohama."

Aliandika jina langu. "Basi kuja wewe. Saa moja kamili, usichelewe."

Nimepata kazi! Nikirudi nyumbani nilipita mtaa wa Ayany karibu nikimbie, kisha nikapunguza mwendo. Mama atafurahi, najua. Majirani pia. Lakini mtu niliyetaka kumwambia wa kwanza hayuko.

Na sasa nikiri jambo ambalo siwezi kumwambia hata mchungaji. Nikivua viatu mlangoni nilijipata nikiomba kile kiwanda cha huko nacho kifungwe. Wale wasichana wote warudishwe kwao, mikono mitupu kama tulivyorudishwa sisi, ili tu Nekesa aje nyumbani.

Mungu anisamehe.

Nimejaribu kuliondoa ombi hilo moyoni. Limekataa kutoka.