Ijumaa za Gamelani, Mabela

Ijumaa, 4 Oktoba
Somo la tatu la gamelani, muziki wa Java. Mtaa wa Mabela tena, sebuleni kwa Bi Wulan, mwalimu wetu Mjava, viatu nje. Mkono wa kulia unapiga bamba la shaba kwa nyundo ya mti. Wa kushoto unalibana bamba lililopigwa kabla lisiendelee kuvuma. Kwa wakati mmoja. Mikono yangu ya fidla haitaki. Miaka kumi na tisa nafundisha muziki skuli ya wasichana, leo nimekosea kama mtoto wa darasa la kwanza.

Hesabu ndiyo inayonishinda. Mie natia nguvu kwenye moja. Wao uzito wao uko mwisho: nne ndiyo inayobeba, na upatu mkubwa unalia mzunguko unapofunga. Kila mara nafika kabla ya wenzangu. Bi Wulan, kwa Kiarabu chake cha kubahatisha: "Usikimbilie. Sikiliza."

Kuna mwanafunzi mpya, nesi, kama miaka ishirini na sita. Kanitazama, kisha: "Shikamoo, Mwalimu Zuwena." Anaitwa Ilham. Simkumbuki.

Jumanne, 8 Oktoba
Mazoezi juu ya meza ya jikoni, miiko miwili. Mama kauliza kama nina homa.

Ijumaa, 11 Oktoba
Ilham keshanipita. Somo lake la pili tu! Anafumba macho, anapiga mahali penyewe. Nna wivu. Naandika neno lenyewe kwa kuwa hakuna atakayelisoma.

Bi Wulan kampa upatu mkubwa. Nilipotea mara tatu, na mara zote tatu ni upatu wake ulionirudisha.

Wakati wa kuvaa viatu nikamuuliza nani kamfundisha muziki. "Wewe, mwalimu. Darasa la tano. Kidogo tu." Nikasema nimefurahi. Akainama kufunga viatu.

Jumapili, 13 Oktoba
Skuli, siku ya kwanza ya wiki. Nimechagua waimbaji wa sherehe ya skuli ya kila mwaka. Nafanya kama siku zote: wanaimba wamesimama safu, napita nyuma yao nikisikiliza, asiyeshika sauti namgusa bega anakwenda kukaa. Leo nimewagusa wanne. Wa mwisho Shekha, mdogo, sauti nzito. Nilipomgusa alitabasamu. Alidhani namsifu. Kisha akafahamu.

Hapo nikakumbuka. Si sura ya Ilham. Mkono wangu.

Ijumaa, 18 Oktoba
Nimempa Ilham lifti mpaka kwao, Mawaleh. Njiani nikamuuliza: nilikugusa bega?

Akajibu akitazama barabara.

"Ulisema, 'Huna sikio, mwanangu. Nenda kachore.' Kwa upole, mwalimu. Ungenikaripia ningesahau."

Akasema harusini wenzake wakiimba, yeye anapiga makofi. Mtoto wake humbembeleza kwa kunong'ona, hamwimbii. Kwa Bi Wulan alikuja kwa kuwa aliambiwa huku hakuna mtu anayeimba.

Nilimwomba msamaha. Maneno yalitoka mabovu, nikaanza kueleza habari za sherehe, wageni, muda mfupi. Nilikuwa najitetea. Akasema, "Niteremshe hapa." Hapakuwa kwao. Nikamteremsha.

Nimemweleza Mama. Hakunipoza. Kauliza, "Umewatoa wangapi?"

Sijui. Miaka kumi na tisa. Sijui.

Ijumaa, 25 Oktoba
Ilham hakuja. Bi Wulan kanipa mie upatu. Nilidhani ni kazi nyepesi, pigo moja kwa mzunguko mzima. Lakini lazima uwasikie wote, aliye mbele na aliyebaki nyuma, ndipo upige. Nilipiga kabla. Nikapiga tena kabla. Mara ya nne nikasubiri mpaka nikaogopa, na hapo ndipo palipokuwa pake.

Nimemwandikia Ilham. Kasoma. Hakujibu.

Jumatatu, 28 Oktoba
Nimemwambia mkuu wa skuli waliojiandikisha wote wataimba. Hakupenda. Kasema wazazi watarekodi. Nikasema warekodi.

Watatu wamerudi wakikimbia. Shekha hakutaka. Nilimkuta kantini na penseli zake. "Mie nachora, mwalimu."

Nilikaa karibu naye. Nikamwambia nilikosea mimi, sauti yake haina kosa, haijafundishwa tu, na kufundisha ni kazi yangu. Hakuinua kichwa. Sikumshika mkono, sikumbembeleza. Nikaondoka. Nimeona haya kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Ijumaa, 1 Novemba
Ilham yuko. Wiki iliyopita alikuwa na zamu, au ndivyo alivyomwambia Bi Wulan. Nilisimama mlangoni nimeshika viatu, sijui niingie au nirudi garini.

"Bado nnalo moyoni, mwalimu," akasema, taratibu, wengine wasisikie. "Ila njoo ukae. Tunaanza."

Nikakaa. Tukapiga wimbo mzima bila kusimama, mara ya kwanza. Nilikosea mara mbili. Hakuna aliyegeuka.

Jumanne, 5 Novemba
Mazoezi ya sherehe. Wamekuwa wengi, sauti zinatawanyika, si nzuri kama mwaka jana. Wimbo wa kwanza ukiendelea Shekha kaingia, kasimama nyuma kabisa, mdomo umefungwa. Wimbo wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, katikati, akaufungua.

Sauti yake ilikuwa chini ya wenzake wote, peke yake. Sikugeuka kumtazama. Niliendelea kupiga kinanda, taratibu kidogo ili naye afike, mpaka wakamaliza.